Mashamba Mengi, Lango Moja

Kiriaini imekaa juu ya mgongo wa ardhi huko Mathioya, karibu na pale kaunti ya Murang'a inapopakana na Nyeri. Upande wa chini, kuelekea mjini Murang'a, ni nchi ya kahawa; upande wa juu, kuelekea msitu wa Nyandarua, majani chai yameshika mlima hadi pale baridi inapokataa mazao. Kati ya mgongo na mgongo kuna mto: Mathioya ya Kaskazini, Mathioya ya Kusini, na kule Othaya mto Gura, yote ikikimbilia Sagana na kisha Tana. Shamba kubwa ni nadra hapa. Kuna maelfu ya vipande vya ekari moja, ekari mbili, nusu ekari, kila kimoja na mwenyewe na mpaka wake.

Ukihesabu wenye mashamba, ni vigumu kupata nchi iliyogawa uzalishaji wake kwa mikono mingi kuliko hii. Lakini wazee wa huku wanajua kwamba hesabu ya mashamba haitoshi. Lazima uhesabu malango pia. Kwa miongo mingi kahawa ya maelfu ya watu ilipita lango moja, na stima iliyozalishwa na mito hii ilisafirishwa na kuuzwa kwa wengine kabla ya wenye mito kuwasha taa. Hesabu hiyo ya malango ndiyo inayohitajika leo katika kazi changa ambayo wengi huizungumzia kana kwamba haina historia: uchimbaji wa Bitcoin na sarafu nyingine za kidijitali zinazolindwa kwa uthibitisho wa kazi. Kazi hiyo ilianza mwaka 2009 kwa ahadi kwamba hakuna mtu wala kampuni itakayoshika daftari peke yake. Imetembea njia ya kahawa, ila kwa haraka zaidi.

Mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, kituo cha kuzalisha stima cha Wanjii kilianza kazi kwa maji ya Mathioya na Maragua. Uwezo wake ni megawati 7.4. Hakikuwa cha kwanza katika eneo hili: Ndula, kwenye mto Thika, kilijengwa 1925, na Mesco, kwenye mto Maragua, 1933. Biashara ya stima ilikuwa mikononi mwa East African Power and Lighting, kampuni iliyoundwa 1922 kwa kuunganisha kampuni ya Nairobi na ya Mombasa, na wateja wake walikuwa miji, viwanda na walowezi. Maji yalitoka vijijini, nyaya zikapita vijijini, na vijiji vikabaki na koroboi.

Kahawa ilikuwa na lango lake. Wakulima wa Kikuyu walizuiwa kuilima kwa biashara hadi karibu na miaka ya 1950, wakati walowezi wakivuna na kuuza. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia mlango wadogo: miche, hatimiliki za ardhi, mabwana shamba, na pamoja nayo vyama vya ushirika. Mkulima mdogo alitakiwa kisheria apeleke matunda yake mabivu kiwandani kwa chama. Chama kikishayamenya na kuyakausha, kilipeleka kahawa kwa Kenya Planters' Co-operative Union, ile KPCU iliyoanzishwa 1937, ikobolewe. Kisha Bodi ya Kahawa iliiuza mnadani Nairobi. KPCU ilibaki mkobozi mmoja wa nchi nzima hadi miaka ya 1990.

Sababu za kuungana zilikuwa za kweli, na ni haki kuzitaja. Mwenye miche mia mbili hawezi kununua mashine ya kumenya, wala kujenga matangi ya kuchachushia na vichanja vya kuanikia. Akiwa peke yake, mvua ya siku tatu wakati wa kuanika inaweza kumwangamiza. Kiwanda kilimpokea, kikachanganya mavuno yake na ya wenzake, na mwisho wa msimu kikamlipa bei ileile kwa kilo kama jirani yake. Hatari iligawanywa. Ila pamoja na hatari yake, mkulima alikabidhi pia uamuzi: nani akoboe, nani auze, lini, kwa makato gani. Mwaka 2009 KPCU ilipowekwa chini ya warasimu kwa sababu ya madeni, watu ambao hawakuwahi kukanyaga ofisi zake walijua maana ya kutegemea mlango ambao ufunguo wake uko kwa mwingine.

Ahadi ya Bitcoin iliwahusu watu wa namna hiyo hasa. Satoshi Nakamoto, jina la mtu au kikundi kisichojulikana hadi leo, alitoa waraka wake mwishoni mwa Oktoba 2008, na bloku ya kwanza ikapatikana tarehe 3 Januari 2009. Swali alilokuwa akilijibu ni la kihasibu: ikiwa hakuna benki, nani aandike daftari? Jibu lake lilikuwa bahati nasibu isiyokwisha. Kila kompyuta inayoshiriki hukusanya malipo yaliyotumwa, huyapanga katika ukurasa unaoitwa bloku, kisha huupitisha ukurasa huo katika kanuni ya heshi tena na tena, ikibadilisha tarakimu moja kila mara, hadi itokee namba ndogo ya kutosha. Hakuna ujanja wa kuipata namba hiyo isipokuwa kujaribu; ndiyo maana njia hii huitwa uthibitisho wa kazi. Anayeipata kwanza ndiye anayeongeza ukurasa kwenye daftari la wote, na hulipwa ujira wa sarafu mpya; huko ndiko kunaitwa kuchimba. Mwanzoni ujira ulikuwa sarafu 50 kwa kila bloku, na bloku moja hupatikana kwa wastani wa kila dakika kumi.

Waraka uliweka wazi kwamba kura itakuwa ya prosesa, si ya anwani ya intaneti, kwa sababu ni rahisi kujipatia anwani elfu lakini si rahisi kujipatia kompyuta elfu. Usalama wote ulisimama juu ya sharti moja: sehemu kubwa ya nguvu ya kukokotoa iwe mikononi mwa watu waaminifu. Sharti hilo halikusema nguvu iwe mikononi mwa watu wangapi. Hapo ndipo historia yote iliyofuata ilipopenya.

Satoshi mwenyewe aliona hatari mapema. Desemba 2009 aliwaomba wenzake wakubaliane kiungwana kuahirisha mashindano ya kuchimba kwa kadi za michoro, zile zinazotumika kwenye michezo ya video, ili mtu mwenye kompyuta ya kawaida asitupwe nje. Makubaliano hayo hayakuishi mwaka. Mwaka 2010 mtaalamu wa programu wa Florida, Laszlo Hanyecz, alikuwa tayari anachimba kwa kadi hizo. Ni huyuhuyu aliyelipa sarafu 10,000 kununua pitsa mbili Mei 2010. Kadi moja ilifanya kazi ya prosesa nyingi, na kompyuta ya mezani ikaanza kupitwa na wakati.

Januari 2013 kukaja chipu zilizoundwa kwa kazi hii tu. Mashine ya Avalon, iliyotoka China, haikuweza kuandika barua wala kufungua picha; iliweza kukokotoa heshi, na ilifanya hivyo kwa kasi iliyozigeuza kadi za michoro kuwa takataka. Mwaka huohuo Jihan Wu na Micree Zhan walianzisha Bitmain mjini Beijing. Kampuni hiyo ilipojaribu kuingia soko la hisa la Hong Kong mwaka 2018, hati zake zilionyesha kwamba mwaka 2017 ilikuwa na asilimia 74.5 ya soko la dunia la chipu za uchimbaji. Mtu aliyetaka kuchimba Texas, Siberia au kando ya Mathioya alikuwa akinunua, kwa uwezekano mkubwa, kutoka duka moja.

Hatari ya duka moja haikuwa ya kinadharia. Aprili 2017 iligunduliwa kwamba mashine za Bitmain ziitwazo Antminer zilikuwa na programu inayowasiliana na seva ya kampuni hiyo mara kwa mara, na seva hiyo ingeweza kuziamuru zizime. Kampuni ilieleza kuwa kilikuwa kipengele cha kumsaidia mwenye mashine iliyoibwa, ambacho hakikukamilishwa, ikatoa marekebisho. Hata tukiyachukua maelezo hayo yalivyo, ukweli unabaki kwamba kwa muda fulani sehemu kubwa ya walinzi wa daftari la dunia ilikuwa na swichi iliyowekwa na kiwanda.

Lakini lango kubwa zaidi halikuwa la chipu. Lilikuwa la chama.

Mantiki yake ingeeleweka mara moja kwa katibu yeyote wa kiwanda cha kahawa cha Murang'a. Uchimbaji hulipa kwa bahati, na bahati ya mdogo ni mbaya mno. Mwaka 2025 nguvu ya mtandao wa Bitcoin ilifika zetahashi moja, yaani terahashi bilioni moja, kwa sekunde. Mashine nzuri ya siku hizi yenye nguvu ya terahashi 200 kwa sekunde, ikichimba peke yake katika mtandao wa ukubwa huo, ingetarajia kupata bloku moja kwa wastani wa miaka 95. Hakuna atakayelipa stima kwa miaka 95 akisubiri. Kwa hiyo wachimbaji huunganisha nguvu, na chama kikipata bloku humgawia kila mmoja kwa kadiri ya kazi aliyochangia. Marek Palatinus, kijana wa Czech aliyejulikana kwa jina la Slush, alianzisha chama cha kwanza cha namna hii mwishoni mwa 2010. Likawa jambo jema: mwenye kadi moja akapata senti zake kila siku badala ya kungoja muujiza.

Gharama yake ilijificha katika jambo dogo la kiufundi. Mwanachama hapangi bloku. Meneja wa chama ndiye anayechagua malipo gani yaingie na yapi yasubiri, ndiye anayechagua ukurasa mpya ufuate ukurasa upi, kisha hutuma kiolezo kilicho tayari; mashine za wanachama hujaribu tarakimu tu. Kura elfu mia hupigwa na mkono mmoja.

Juni 2014 dunia ilishuhudia maana yake. Chama cha GHash.io kilivuka nusu ya nguvu yote ya Bitcoin kwa muda mfupi. Miezi sita kabla kilikuwa kimekaribia, wachimbaji wakashtuka, baadhi wakahama, na chama kikaahidi kutovuka mstari, kisha kikauvuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Ittay Eyal na Emin Gün Sirer, walikuwa wameonyesha mwaka 2013 kwamba hata nusu haihitajiki ili kujinufaisha: mwenye theluthi moja, akificha bloku zake na kuzitoa kwa hila, anaweza kuchuma zaidi ya haki yake. GHash.io iliahidi tena, safari hii kubaki chini ya asilimia 40, na miaka miwili baadaye ikafungwa. Iliyookoa hali ni miguu ya wanachama: kubadilisha chama ni kubadilisha mistari michache kwenye mipangilio ya mashine. Mkulima wa kahawa hakuwahi kuwa na uhuru huo, na ni tofauti kubwa inayopaswa kuhesabiwa kwa upande wa Bitcoin.

Mwenye nusu anaweza nini hasa? Hawezi kuchukua sarafu za mtu ambaye hajatoa ufunguo wake, wala kujichapishia sarafu nje ya kanuni. Anaweza kulipa, apokee bidhaa au fedha, kisha aandike upya kurasa za mwisho za daftari kana kwamba hakulipa. Anaweza pia kumnyima mtu nafasi kwenye daftari kwa muda wote anaoshika nguvu hiyo.

Sarafu ndogo zimeyaona haya kwa macho. Mei 2018 Bitcoin Gold ilishambuliwa, na masoko ya kubadilishia fedha yakapoteza takriban dola milioni 18. Ethereum Classic ilipigwa Januari 2019, kisha mara tatu katika Agosti 2020 pekee. Washambuliaji wa sarafu kama hizo hawalazimiki kumiliki mashine. Nguvu ya kukokotoa hukodishwa kwa saa, na sarafu yenye wachimbaji wachache hugharimu kidogo kuizidi. Hapo mwanzo mtu angedhani kwamba mfumo wa uthibitisho wa kazi unalinda kila anayeutumia. Ulinzi unatokana na ukubwa wa nguvu inayochimba, na nguvu kubwa huvutwa pale penye faida.

Mfano unaoumiza zaidi ni Monero. Waliounda sarafu hiyo waliuona mtego wa chipu maalumu, na Novemba 2019 wakahamia kanuni ya RandomX inayopendelea prosesa za kawaida, ili ile ndoto ya kompyuta ya mezani irudi. Walifaulu kwenye mashine. Agosti 2025 kikundi cha Qubic kiliwalipa wachimbaji zaidi ya walichokuwa wakipata kwingine, kikavuta nguvu nyingi kiasi cha kudai kimevuka nusu, na kikaandika upya bloku sita za mwisho. Soko la Kraken likasitisha kwa muda kupokea Monero. Watafiti walibishana kama kweli nusu ilivukwa. Ubishi huo haubadilishi jambo la msingi: shamba lilikuwa limegawanywa vizuri kuliko popote, na bado lango lilinunuliwa.

Stima nayo ina historia yake. Kwa kuwa kila mtu ana mashine zilezile, anayeshinda ni mwenye stima ya bei ndogo, na kwa miaka mingi huyo alikuwa China. Takwimu za Chuo Kikuu cha Cambridge zilionyesha kwamba Septemba 2019 China ilibeba robo tatu ya uchimbaji wote wa Bitcoin. Msimu wa mvua mashine zilihamishiwa Sichuan kwenye mabwawa. Kiangazi zilirudi kwenye makaa ya mawe ya Xinjiang. Aprili 2021 mgodi mmoja wa makaa huko Xinjiang ulifurika maji, stima ikakatwa kwa ukaguzi wa usalama, na kasi ya mtandao mzima wa dunia ikashuka ghafla. Miezi miwili baadaye serikali ya China ilipiga marufuku uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Karibu nusu ya nguvu ilizimika ndani ya wiki chache. Bitcoin iliendelea kufanya kazi, bloku zikachelewa, ugumu ukajirekebisha, na kufikia Agosti 2021 Marekani ilikuwa ya kwanza kwa asilimia 35 hivi, ikifuatwa na Kazakhstan. Januari 2022 Kazakhstan ilikata intaneti wakati wa maandamano, na wachimbaji wake wakapotea hewani.

Katika kutawanyika huko ndipo Afrika Mashariki ilipoingia. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilikuwa imetangulia: mwaka 2020, watalii wakiwa wametoweka na mapato yakiwa yamekauka, mkurugenzi wake Emmanuel de Merode alianza kuchimba Bitcoin kwa stima ya mto huko Luviro, kwa msaada wa mwekezaji Mfaransa Sébastien Gouspillou. Ethiopia ilikwenda kwa ukubwa. Shirika lake la umeme liliuza stima ya mabwawa kwa wachimbaji, na mwanzoni mwa 2024 iliripotiwa kwamba kati ya kampuni 21 zilizokuwa na mikataba, zote isipokuwa mbili zilikuwa za Kichina. Ramani ilibadilika rangi. Wamiliki wengi walibaki walewale.

Kenya ilichukua njia ya mito midogo. Njia hiyo inaihusu Kiriaini moja kwa moja, maana Mlima Kenya na Nyandarua ni nchi ya mito midogo. Huku Murang'a, John Magiro alijulikana kitaifa kwa kuanza na dainamo ya baiskeli kwenye mto Gondo hadi kuwauzia majirani stima. Kule Gura, viwanda vya chai vya Chinga, Gathuthi, Gitugi na Iria-ini, vyote vya wakulima wadogo, vilijenga kituo cha megawati 5.8 ili kupunguza gharama ya kukausha majani, na ziada vikaiuza kwa gridi ya taifa. Hii ni mito ya milima ileile ambayo maji yake yalikuwa yakihudumia miji kwanza.

Mitambo midogo ya vijijini ina tatizo linalojulikana: hujengwa kwa mahitaji ya miaka ishirini ijayo, lakini mwaka wa kwanza kijiji kinatumia balbu, redio na simu za kuchaji. Usiku wa manane maji hupita bure. Mwaka 2022 Erik Hersman, Janet Maingi na Philip Walton walianzisha Gridless jijini Nairobi kwa wazo la kununua stima hiyo isiyo na mteja na kuchimba nayo Bitcoin, mashine zikizimwa pale wanakijiji wanapohitaji zaidi. Walishirikiana na HydroBox, kampuni ya mitambo midogo ya maji, katika vijiji vya Kenya, na Desemba 2022 wakapata dola milioni 2 kutoka kwa wawekezaji Stillmark na Block, kampuni ya Jack Dorsey. Baadaye walifika Bondo, chini ya Mlima Mulanje nchini Malawi, na Zengamina, kaskazini-magharibi mwa Zambia, kwenye mto Zambezi.

Kwa usambazaji wa stima, huu ni ushindi unaostahili kusifiwa bila kigugumizi. Mtambo uliokuwa ukiendeshwa kwa hasara unapata mteja asiyehitaji barabara wala nguzo za kilomita mia. Hersman na wenzake wamekuwa wakitoa hoja ya pili: kwamba makontena madogo yaliyotapakaa Afrika yanaikinga Bitcoin dhidi ya mikono ya wachache. Hoja hiyo ni kweli kwa theluthi moja. Kontena kwenye mto wa kijijini linatawanya mahali pa kuchimbia. Serikali moja haiwezi tena kuzima nusu ya dunia kwa tangazo moja. Halitawanyi chipu, ambazo bado hutoka kwa watengenezaji wachache, Bitmain ikiwa mbele, Canaan na MicroBT nyuma yake. Na halitawanyi chama, ikiwa mwenye kontena ameiunganisha mashine yake pale wanapoungana wengine wote.

Hali ya vyama ni mbaya kuliko inavyoonekana kwenye majedwali. Mwanzoni mwa 2025, vyama sita vilikuwa vikipata zaidi ya asilimia 95 ya bloku zote za Bitcoin. Foundry ya Marekani na AntPool, chenye asili ya Bitmain, peke yavyo vilikaribia nusu. Na kuna lililofichika zaidi. Aprili 2024 watafiti wawili wa kujitegemea, wanaojulikana kwa majina yao ya mtandaoni mononaut na 0xB10C, walichunguza mambo mawili: ujira wa bloku unaishia wapi, na violezo vinavyotumwa kwa mashine vinafananaje. Walikuta kwamba vyama kadhaa vyenye majina tofauti vilikuwa vikituma violezo vilevile vya AntPool, na kwamba ujira wa vyama visivyopungua tisa uliishia kwa mtunza fedha mmoja, kampuni ya Cobo.

Msomaji wa Nyeri na Murang'a ameshaiona hali hii. Soko la kahawa lilipofunguliwa miaka ya 1990, na sheria mpya ya ushirika ya 1997 ikapunguza mkono wa serikali, vyama vikubwa vya wilaya hizi viligawanyika kimoja baada ya kingine, mara nyingi baada ya mivutano mikali kuhusu madeni na malipo. Kila kiwanda kilitaka jina lake, muhuri wake, kamati yake. Lakini vyama vingi vidogo viliendelea kupeleka kahawa kwa vinu vichache na kuuza kupitia mawakala wachache. Bango la mlangoni lilibadilika, na gunia likaenda kulekule. Chama cha Othaya kilijaribu jambo gumu zaidi: kilijenga kinu chake cha kukobolea huko Gatuyaini, kikasogeza uamuzi wenyewe karibu na shamba.

Katika Bitcoin, kusogeza uamuzi karibu na shamba kuna maana mahususi: mchimbaji apange bloku yake mwenyewe, kisha chama kifanye kazi ya kugawana bahati tu. Jambo hilo lilijaribiwa mwaka 2011 kwa P2Pool, ambayo haikuwa na meneja, lakini kwa Bitcoin ilififia kwa sababu malipo yake yalipanda na kushuka mno. Itifaki mpya ya Stratum V2 inamruhusu mwanachama kutuma kiolezo chake. Chama cha Ocean, kilichoanza Novemba 2023 chini ya mtaalamu wa programu Luke Dashjr na kwa fedha za Dorsey, kilijenga njia yake kwa lengo hilohilo. Haja ya kumwachia mchimbaji uamuzi huo si ya kubuni. Mei 2021 kampuni ya Marathon ya Marekani ilitoa bloku iliyochuja malipo kwa orodha ya vikwazo vya serikali yake, kisha ikaacha baada ya malalamiko. Novemba 2023, 0xB10C alionyesha kwamba chama cha F2Pool kilikuwa kikiruka malipo ya anwani zilizowekewa vikwazo; mmoja wa waanzilishi wake akakiri na kusema uchujaji utasimamishwa. Mara zote mbili kilichozuia ni aibu mbele ya umma. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa kuwa meneja wa bloku ana ruhusa ya kuchagua.

Mbona basi wachimbaji hawahami kwa wingi? Kwa sababu ya mtiririko wa fedha, kama ilivyokuwa kwa wakulima. Vyama vikubwa hulipa kila siku kiasi kinacholingana na kazi, bloku ipatikane au isipatikane, na meneja hubeba siku mbaya kwa mtaji wake. Chama kidogo hakiwezi kubeba mwezi mmoja wa bahati mbaya bila kufilisika. Ndiyo maana vidogo hujificha nyuma ya AntPool: vinakodi mtaji wake na kulipa kwa violezo. Mchimbaji aliyekopa kununua mashine, anayedaiwa kila mwisho wa mwezi, huchagua malipo ya hakika kama vile mama mwenye karo ya shule alivyochagua malipo ya awali ya kiwanda kuliko kusubiri mnada.

Shinikizo hilo linaongezeka. Ujira wa bloku ulishuka hadi sarafu 3.125 mnamo Aprili 2024 na utapungua tena kwa nusu mwaka 2028. Kila upunguzo huwaondoa wenye stima ghali na kuwabakisha wenye stima ya bei ndogo sana, wakiwemo wenye mito midogo ambao maji yao yangepita bure. Kwa hiyo huenda mabonde kama ya Mathioya yakawa na nafasi kubwa zaidi katika kazi hii kuliko sasa, na uamuzi wa kule ukawa na uzito. Vifaa vya kuutumia uamuzi huo vipo. Nakala kamili ya daftari la Bitcoin, pamoja na historia yake yote tangu 2009, inaingia kwenye diski ya terabaiti moja inayouzwa katika maduka ya kompyuta ya Nairobi, na programu ya kupangia bloku hupakuliwa bila malipo. Kinachohitajika zaidi ni vyama vyenye mtaji wa kutosha kulipa kila siku huku vikiwaachia wanachama kiolezo, na hadi mwaka 2025 Ocean, kilichoendelea mbele zaidi katika njia hiyo, kilikuwa bado na asilimia chache tu za nguvu ya mtandao.